Tegu wa Papa na Jina Lake

Wakulima wanamjua tegu wa ng'ombe, mnyoo bapa mwenye pingili nyingi, ambaye mtu humpata kwa kula nyama isiyoiva. Lakini si wengi wajuao ya kuwa papa na taa nao wana tegu wao, na ya kwamba baadhi yao hawajapewa jina hata leo.

Utumbo wa papa una mizunguko ndani mfano wa parafujo, na humo tegu hujishikiza. Jamii moja ya tegu hao ina mikono minne myembamba kichwani, yenye kulabu tele. Mayai yao hutoka na kinyesi cha papa, huliwa na vidudu vya baharini vya jamii ya kamba, navyo huliwa na samaki. Papa amlapo samaki huyo, mtoto wa tegu huingia utumboni na kukua.

Mtaalamu atakaye kutambulisha tegu mpya hana budi kuupata utumbo ungali mbichi, kwani papa akifa tegu huharibika upesi. Humtia tegu katika dawa asioze, humpaka rangi, kisha humtazama kwa darubini. Huhesabu pingili, hupima kichwa, huchora kulabu, na kumlinganisha na wote waliokwisha kuandikwa. Akiona tofauti ya kweli humpa majina mawili ya Kilatini, kwa kanuni ambayo Carl Linnaeus wa Sweden aliitumia kwa wanyama mwaka 1758. Mfano mmoja huwekwa katika nyumba ya makumbusho, ili mwenye shaka akautazame. Aina ya papa nayo lazima iandikwe sawasawa, maana tegu wengi hukaa katika aina moja tu.

Je, jina lina faida gani? Wako tegu wa samaki wakuao tumboni mwa mtu alaye samaki mbichi; tegu wa papa hawakui humo. Asiyejua kuwatofautisha ataogopa pasipo hatari, au atakula pasipo hadhari. Samaki aliyepikwa akaiva hana tegu wa kudhuru.

Tena papa wanapungua. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kuwa papa na taa wa bahari kuu walikuwa wamepungua kwa 71 katika kila 100 tangu mwaka 1970. Aina ya papa ikitoweka, tegu wake hutoweka nayo, awe na jina au asiwe nalo.

Mvuvi apasuaye papa ufuoni huutupia kunguru utumbo wake. Pengine ndani yake mna mnyama ambaye hakuna mtu aliyepata kumwandika.