Lamu: tuache kubeba mikoba ya watafiti, tuombe utafiti wetu wenyewe

Leo naomba tuweke kando kidogo habari za programu huria na simu mpya. Nataka tuzungumze juu ya fedha za utafiti: nani hupewa, kwa nini, na mbona haziwafikii vijana wa Lamu ilhali Lamu ni mojawapo ya sehemu zilizotafitiwa sana katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Skolashipu hukulipia masomo: ada, malazi, vitabu. Ufadhili wa utafiti ni kitu kingine. Hapa hulipiwi kukaa darasani, unalipiwa swali. Unaleta swali ambalo jibu lake halijapatikana, unaeleza utalitafuta vipi, na mfadhili anakupa fedha na muda wa kulitafuta. Upo ufadhili wa wanafunzi, upo wa waliohitimu juzi, na upo wa wasomi waliobobea. Skolashipu vijana wetu wanaijua. Ufadhili wa utafiti wanauona kila mwaka ukishuka kwenye gati la Lamu na begi mgongoni, ila hawajui kuwa ndio huo.

Tazameni historia. Mwaka 1911 msomi wa Uingereza, Alice Werner, alifunga safari ya Afrika Mashariki kwa fedha za ufadhili wa safari kutoka chuo cha Newnham, Cambridge. Aliporudi kwao alichapisha historia ya Pate katika jarida moja, mwaka 1914 na 1915. Baadaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London. Miaka ya 1930 akaja Lamu Mjerumani Ernst Dammann kukusanya tenzi.

Sasa ulizeni: nani aliandika nyingi ya hati hizo walizoondoka nazo wageni? Ni Muhamadi Kijuma, mtu wa Lamu: mshairi, mchongaji, mwanamuziki, na fundi wa hati za Kiarabu. Alinakili tenzi kwa mkono wake kwa ajili ya akina Dammann na William Hichens. Alifariki mwaka 1945, na kazi za mkono wake leo zimehifadhiwa London na Ujerumani.

Tukaja kwenye mambo ya kale. Mwaka 1980 Mark Horton, wakati huo kijana wa Cambridge, alianza kuchimba magofu ya Shanga kisiwani Pate. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1996 na Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoko Nairobi. Kilionyesha kuwa mji ule ulianza karne ya 8, na kwamba misikiti ilijengwa mmoja juu ya mwingine pale pale, ile ya mwanzo ikiwa ya miti. Kazi hiyo ilisaidia sana kuivunja hadithi kwamba miji ya Waswahili iliwekwa na wageni wa kutoka ng'ambo, na sisi tukaikuta tu.

Na majuzi kabisa, hati za kale za Msikiti wa Riyadha, ule wa Habib Swaleh, zilipigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao kwa ruzuku ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, mpango ulioanza mwaka 2004. Aliyeongoza ni mtafiti wa Norway, Anne Bang, kwa ushirikiano na msikiti wenyewe. Hati zenyewe hazikuondoka Lamu. Sharti la mpango huo ni kwamba hati asili zisiondoke nchini, na ni sharti zuri.

Msinielewe vibaya. Simlaumu hata mmoja wa watu hawa. Wangapi kati yetu wangejua habari za Shanga kama Horton asingechimba? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninachouliza ni hiki: miaka zaidi ya mia moja ya wageni, mwenyeji amepona kiasi gani? Mara nyingi kijana wa Lamu katika kazi hizi ni mkalimani, nahodha wa boti, au yule wa kumpeleka mtafiti kwa bibi anayejua nyimbo za zamani. Analipwa kwa siku. Jina lake hutokea kwenye ukurasa wa shukrani. Wako watu wa Lamu waliokuwa watafiti kamili, lakini ukilinganisha na idadi ya waliokuja, ni wachache mno.

Mtaniambia, kwani kuna hasara gani? Ilimradi utafiti umefanyika.

Hasara ipo. Anayeshika fedha ndiye anayechagua swali. Mgeni atauliza juu ya milango ya kuchonga, magofu na maulidi, nayo ni mambo mazuri. Lakini nani atauliza kwa nini maji ya visima fulani yamekuwa ya chumvi, wakati mji wa Lamu unategemea maji yaliyo chini ya michanga ya Shela? Nani atapima samaki wamepungua kwa kiasi gani kwenye mikondo ambayo mvuvi wa jarife aliitegemea?

Haya si maswali ya mtihani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Lamu, wenye megawati 1,050, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira ilikuwa na kasoro. Kesi kama hizo zinahitaji ushahidi: vipimo, takwimu, ramani, rekodi za miaka mingi. Mtu anayekaa mahali na kupima miaka kumi ndiye mwenye takwimu hizo. Mgeni wa miezi mitatu hawezi kuwa nazo, hata awe hodari vipi.

Sasa nije kwenye uwanja wangu, teknolojia. Mwaka 2021 Mozilla, kupitia mradi wake wa Common Voice unaokusanya sauti za watu ili kompyuta zijifunze kusikia lugha, iliteua vijana wa Afrika Mashariki kuwa wafadhiliwa wa Kiswahili. Hawakupelekwa Ulaya kukaa darasani. Walilipwa kufanya kazi na watu wao, kwa lugha yao. Huo ndio ufadhili ninaousema.

Na hapo Lamu ina kazi isiyokwisha. Kompyuta nyingi zinazodai kujua Kiswahili zimefundishwa kwa Kiswahili sanifu cha magazeti na redio. Mtu wa Lamu akisema "mato" badala ya macho, "moya" badala ya moja, au "ndoo" akimaanisha njoo, mashine inababaika, pengine ikaleta ndoo ya maji. Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu ndizo lahaja zilizobeba tenzi zetu za kale. Je, tusubiri tena mgeni aje kutufundishia mashine kumsikia bibi yetu?

Najua kisingizio cha kwanza: "Sina shahada ya uzamifu." Hazihitaji zote. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ina makao Zanzibar, hapa hapa kwetu, na kwa miaka mingi imetoa ruzuku za utafiti wa bahari na pwani, zikiwemo ndogo zinazowafaa wanafunzi. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa watu binafsi na vikundi vidogo. Kwa mikoko na kasa, Lamu ina la kusema, maana zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, husaidia vijana wa Afrika wa sayansi za jamii. DAAD ya Ujerumani imekuwa ikiwalipia Waafrika shahada za juu katika vyuo vya Afrika yenyewe. Kenya nayo ina Hazina ya Taifa ya Utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Masharti na tarehe hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wenyewe kwenye tovuti ya mfadhili, usitegemee ujumbe uliosambazwa kwenye simu. Na anayekudai ada kabla ya kukupa ufadhili, mkimbie.

Kisingizio cha pili: "Sijui kuandika maombi." Hili linafundishika. Sikilizeni.

Kwanza, swali liwe moja, na dogo. "Nataka kutafiti uvuvi wa Lamu" si swali. "Samaki wanaoshushwa Kizingitini wamepungua ukubwa tangu lini, na aina zipi?" Hilo ni swali.

Pili, onyesha unachokijua kwa kuwa mwenyeji. Andika kwamba kazi ya bahari utaifanya wakati wa kaskazi kwa sababu kusi linachafua bahari. Andika kwamba boti za kwenda Faza zinapita Mkanda kwa kungoja maji yajae, na kwamba ratiba yako imezingatia bamvua na maji mafu. Mwombaji wa mbali hajui hayo. Anayesoma maombi ataona mara moja nani anajua anachokisema.

Tatu, bajeti iwe ya kweli. Mafuta ya boti, chakula, malipo ya wasaidizi, vocha za intaneti, kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, maana hata Mkenya anakihitaji. Bajeti yenye tarakimu za kubuni hunuka.

Nne, barua za wadhamini. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu wanamkumbuka mhadhiri siku mbili kabla ya mwisho. Mwandikie mwezi mzima kabla, umpelekee muhtasari wa swali lako. Wahadhiri wapo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Mombasa. Wapo pia watumishi wa Makumbusho ya Taifa pale pale mjini Lamu.

Tano, andika maombi yako nje ya mtandao, kwenye faili lako, kisha unakili kwenye fomu. Hilo nalisema kama mtengenezaji wa programu. Fomu nyingi za wafadhili zimeundwa na watu wasiojua maana ya mtandao kukatika. Unaandika saa mbili, unabofya, ukurasa unakuja mweupe, kazi yote imekwenda.

Na hapo niwageukie wafadhili. Mkitaka maombi kutoka Kizingitini na Kiunga, tengenezeni fomu inayojihifadhi yenyewe kila dakika, isiyodai faili kubwa, inayofunguka kwenye simu ya kawaida. Hii si teknolojia ya ajabu, ni kazi ya wiki moja kwa programa mmoja. Pokeeni angalau muhtasari kwa Kiswahili. Msimwambie kijana atumie fedha zake kwanza halafu mtamrudishia kwa risiti, kwa kuwa hana za kutanguliza. Na anayewafundisha watafiti wenu lugha, bahari na historia, mwiteni mtafiti mwenza, mlipeni hivyo, na jina lake liwe juu ya kazi.

Maana elimu si cheti peke yake. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alilelewa ndani ya ushairi kwa wazee wake. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaeleza jahazi la Lamu na jinsi linavyoundwa. Ndiye anayetajwa sana kuwa alitupa neno runinga. Maprofesa walivuka bahari kuja kumuuliza. Je, mnadhani Nabhany alikuwa mtoa habari tu? Alikuwa mtafiti, tena mkubwa. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumtambua mtu kama yeye akiwa na miaka 25, kabla ya mgeni kumgundua.

Watafiti wataendelea kuja Lamu, na waje kwa heri, kahawa ipo. Lakini safari ijayo ningependa wakute meza imeshakaliwa: kijana wa Pate ana swali lake, ana kibali chake na fedha zake, naye ndiye anayemwajiri mgeni kama msaidizi wa kupima chumvi ya maji.

Wewe unayesoma hapa una swali gani? Chukua karatasi usiku wa leo, uliandike kwa sentensi moja. Kesho tafuta tangazo linalolifaa. Haya, kazi kwenu.