Vumbi la depo: nani atasimamisha kazi ili hewa isafishwe?

Goma, Bukavu ao Lubumbashi, depo za unga na simenti hazipumziki. Lori moja ikitoka, ingine inaingia. Kila mufuko unaotupwa chini unatosha vumbi, na vumbi ile inapanda, inakaa ndani ya mabomba ya hewa. Siku wanawasha vantilateri, inarudi juu ya watu.

Hatari ni mbili. Vumbi ya simenti inaweza kubeba silika, ambayo mutu akiivuta miaka na miaka inaharibu mapafu, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Ile ya unga ao sukari inaweza hata kulipuka. Tarehe 7 Februari 2008, kule Georgia, Marekani, vumbi ya sukari ililipuka kiwandani, watu 14 wakafa.

Kusafisha kwenyewe kunajulikana: kukata umeme, kuvaa maski, kuanzia juu kushuka chini, kunyonya vumbi kwa mashine. Kupuliza na kompresa hapana, maana vumbi inarudi hewani. Kitu kigumu ni kusimamisha mauzo nusu siku. Mubebaji analipwa kwa mufuko. Depo ikifungwa, kwake hawapiki. Ndiyo maana wote wananyamaza, bosi na mubebaji.

Lakini Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamupa mwajiri jukumu la afya na usalama kazini. Basi nusu siku ile aihesabu yeye, isitoke kwa tumbo la mubebaji. Na enspekta wa kazi akifika, asiishie ku biro: aingie ndani, aangalie juu.