Kuchora Majengo si Kazi ya Walioshindwa

Neno hili twalisikia sana vijijini, hata vinywani mwa wazee wa kanisa: mtoto akipenda kuchora nyumba mchangani na kuzipima kwa kamba, huambiwa aache michezo, asome, awe daktari au mwanasheria. Akishindwa mitihani, ndipo apelekwe kwa fundi. Sisi twalipinga neno hili, maana limetuharibia majengo yetu wenyewe.

Watazame wasomaji madarasa ya watoto wao. Bati limelazwa karibu na vichwa, madirisha ni madogo; saa sita mchana watoto wasinzia, na mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza, kwa kuwa hasikiki. Fundi hana lawama. Aliambiwa ajenge, naye akajenga. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya msingi kuchimbwa, jua lapita wapi, upepo watoka wapi, udongo wa pale ni wa namna gani, na fedha ni kiasi gani. Huyo ndiye msanifu wa majengo. Ramani huja baada ya maswali hayo.

Wako wanaojibu kwamba hiyo ni kazi ya mjini, ya matajiri wenye maghorofa. Basi na wasikie habari za Francis Kéré, mwana wa mkuu wa kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso, huko Afrika ya Magharibi. Alizaliwa mwaka 1965. Kwao hapakuwa na shule; alipelekwa mji mwingine akiwa na miaka saba, akasomea katika darasa la joto kali. Akawa seremala, na ni useremala huo, kazi wanayoidharau wengi, uliompatia nafasi ya kwenda Ujerumani mwaka 1985. Huko alisoma masomo ya jioni, kisha akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin kujifunza usanifu wa majengo. Hata kabla hajahitimu, alichangisha fedha akawajengea watu wake shule, nayo ikamalizika mwaka 2001.

Aliijenga kwa udongo. Wenyeji walisita, maana walikwisha kuona nyumba nyingi za udongo zikianguka kwa mvua. Yeye akautia udongo saruji kidogo, akafyatua matofali. Dari akaifanya ya matofali hayo hayo, yenye nafasi za kupitisha hewa. Bati akalipandisha juu mbali na dari kwa kenchi za nondo, akalitokeza nje likinge kuta na mvua. Hewa ya moto hupanda ikatoka, ya baridi huingia madirishani, wala hapana mashine ya kupoza. Wanakijiji wenyewe ndio waliofanya kazi. Mwaka 2004 shule hiyo ikapewa Tuzo ya Aga Khan, na mwaka 2022 Kéré akapewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kuu katika kazi hiyo. Hakuna Mwafrika aliyeipata kabla yake.

Hatusemi njia ni nyepesi. Yataka hisabati na fizikia, miaka mingi ya chuo, na baada yake kazi chini ya wenye ujuzi. Nchini Tanzania mtu hawi msanifu kamili mpaka bodi imwandikishe. Mzazi adhaniaye ni kuchora maua atashangaa. Wala isidhaniwe ni ya wavulana peke yao.

Nao wazee wa kanisa wafungue Kutoka, sura ya 31, wasome habari za Bezaleli: Roho alimjaza ili afanye nini? Ni kazi ya mikono na ya kubuni. Mbona basi twaitaja kama adhabu ya kushindwa mtihani?

Jumapili atakaposimama mtu kutangaza mchango wa darasa jipya, aulizwe kabla mabati hayajanunuliwa: ramani imechorwa na nani, na mvua ikinyesha mwalimu atasikikaje?