Mtetemo ndio mtihani wa ahadi za kwanta

UMOJA wa Mataifa uliutenga mwaka wa 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Taifa la Kiafrika, Ghana, ndilo lililowasilisha azimio hilo mbele ya Baraza Kuu mwaka wa 2024. Ahadi zinazoambatana na taaluma hii ni nyingi: kompyuta zenye uwezo usio na kifani, na mawasiliano ambayo hayawezi kudukuliwa.

Kabla ya serikali yoyote kufungua mkoba wake, yafaa iwaulize wenye ahadi hizo swali moja: mtetemo mmeudhibiti vipi?

Chukua mfano wa nukta za kwanta, zilizowaletea Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2023. Nukta hiyo ni kipande cha fuwele chenye upana wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu ni mpana kuliko hicho mara elfu kadhaa. Elektroni iliyobanwa humo hutoa nuru ambayo rangi yake hutegemea ukubwa wa nukta.

Nukta hizi tayari zimo katika baadhi ya televisheni. Humo kazi yake ni kung'aa tu, na mtetemo hauziathiri pakubwa. Katika teknolojia ya kwanta, mambo ni tofauti. Kila chembe ya nuru inayotoka yapasa ifanane kabisa na iliyotangulia. Ndiposa watafiti huziweka nukta ndani ya kijumba kidogo mno chenye kuta zinazoakisi nuru, ili nuru hiyo irudi mara nyingi na kuwa kiungo baina ya nukta mbili. Mwaka wa 2004 makundi mawili, moja la Ujerumani na jingine la Marekani, yalidhihirisha kwamba nukta moja na kijumba chake zaweza kupokezana nuru kabla haijapotea.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Atomu za fuwele yenyewe hazitulii. Hutikisika daima na kuisumbua elektroni. Mwaka wa 2010 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kuwa mitetemo hiyo hufifisha mwenendo wa nukta inapoongozwa kwa leza. Hii ndiyo sababu vifaa vya aina hii hupozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri.

Ajabu ni kwamba adui huyu ana manufaa pia. Ni vigumu mno kuunda nukta mbili zinazolingana. Tuseme moja ina nishati ya shilingi 100, na jirani yake hupokea 90 pekee. Nuru peke yake haiwezi kuzipatanisha. Fuwele huichukua ile kumi iliyosalia na kuigeuza mtetemo, nayo nishati ikavuka. Kurudi ni kugumu, kwa kuwa sasa fuwele ndiyo itakayotoa kumi, na katika baridi kali haina akiba. Basi nishati huelekea upande mmoja.

Hata hivyo, manufaa hayo yana gharama. Nishati hufika, lakini ule ulinganifu wa mawimbi ambao kompyuta ya kwanta huutegemea aghalabu hupotea njiani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayekuja na mtambo wa kwanta aeleze wazi: unafanya kazi katika baridi ya kiasi gani, kwa muda gani, na gharama ya kuupoza italipwa na nani? Mataifa yetu hayatahukumu majibu hayo bila wanafizikia wake yenyewe. Kuwasomesha hao ni uwekezaji wa busara kuliko kununua mashine ambayo hakuna anayeielewa.