Taarifa za mgonjwa zitangulie gari

Taarifa ambazo hospitali inazihitaji gari la wagonjwa linapoingia getini si nyingi: umri wa mgonjwa, kilichompata na saa kilipoanza, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, dawa alizokwisha kupewa, kundi la damu likijulikana. Mahali pengi Tanzania mambo hayo bado husafiri kwa barua ya rufaa iliyoandikwa kwa mkono, au kwa maelezo ya muuguzi anayemsindikiza mgonjwa huku akiwaza zahanati aliyoiacha bila mtu.

Madhara yake yanaonekana wazi zaidi kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Kabla ya kumhamisha, zahanati hutakiwa kumpa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa, kisha gramu 10 kwenye misuli, nusu kila tako. Dozi zinazofuata ni gramu 5 kila baada ya saa 4. Hospitali ikimpokea mama huyo hana fahamu, nayo haijui kama amechomwa sindano wala saa ngapi, njia zote zilizobaki ni mbaya. Ikirudia dozi nzima, dawa huweza kuzidi mwilini, mguu ukaacha kuruka goti linapogongwa, na pumzi ikaanza kufifia. Ikisubiri, degedege huweza kurudi. Mstari mmoja uliotumwa kwa simu kabla gari halijaondoka ungemaliza shaka hiyo, na hakuna sababu ya msingi ya kuukosa.

Msingi wa kujengea upo. Mfumo wa m-mama ulianza Kanda ya Ziwa mwaka 2013, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma ili uenee nchi nzima. Anayehitaji msaada hupiga 115 bila malipo. Mratibu aliyepokea simu huingiza dalili kwenye programu, nayo huonyesha kituo kinachofaa na usafiri ulio karibu. Ambulensi isipopatikana huitwa dereva wa jamii, ambaye hulipwa kwa M-Pesa. Hospitali hupewa taarifa kwamba mgonjwa yuko njiani. Hayo ni mafanikio makubwa, ila mfumo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Majeruhi wa bodaboda hayumo.

Hatua inayofuata ni kuunganisha simu ya mratibu, gari na kompyuta ya mapokezi, ambako vituo vingi vya serikali tayari vinatumia GoTHoMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za hospitali. Ugumu wa kwanza ni utambulisho. Estonia ilianzisha mfumo wa taifa wa taarifa za afya mwaka 2008, na kwa namba moja ya raia wahudumu wa gari la wagonjwa huona magonjwa, dawa na mzio wake. Kwa Tanzania, kitambulisho cha taifa cha NIDA kimekuwa cha watu wa miaka 18 na kuendelea, hivyo binti wa miaka 16 mwenye uchungu wa kujifungua anahitaji namba nyingine, pengine ile ya kadi yake ya kliniki. Ugumu wa pili ni mtandao. Programu ihifadhi kilichoandikwa, ikitume yenyewe mawimbi yakirudi, na mambo ya lazima kabisa yaweze kwenda kwa ujumbe mfupi wa simu.

Siri ya mgonjwa nayo ina uzito wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mkunga anayempokea mama mwenye VVU lazima ajue hali hiyo ili mtoto apewe dawa ya kinga mapema. Dereva wa jamii anahitaji kujua pa kumchukua na pa kumpeleka tu. Kila mtu afungue kile kinachohusu kazi yake, na mfumo uandike nani amefungua na lini. Estonia humruhusu mwananchi mwenyewe kuiona orodha hiyo, utaratibu unaostahili kuigwa.

Taarifa zinapaswa pia kurudi zilikotoka. Mama akitoka hospitali, mhudumu wa zahanati ya kijijini ndiye atakayempima shinikizo la damu wiki zinazofuata, na anahitaji kujua alifanyiwa nini, ameandikiwa dawa gani, na dalili zipi zikitokea arudishwe mara moja.