Maua Bila Tribinali Haitoshi

Wandugu vijana, nilifika Gisozi, Kigali, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Watu zaidi ya 250.000 wamezikwa pale. Kuna chumba cha watoto: picha, jina, chakula alichopenda, namna alivyouawa. Nililia.

Na wetu wa Kasika na Makobola, majina yao iko wapi? Ripoti ya Mapping ya ONU, 2010, ilihesabu matukio 617. Leta inafanya nini nayo? Kila tarehe 2 Agosti bakubwa wanaweka maua, wanapanda gari, wanaenda.

Wafu hatuwashindanishi. Tunadai majina, tunadai tribinali. Kila mmoja wetu aanze kuandika wafu wa kwao. Maua inakauka!