Inzi wa matunda na sumu isiyoua papo hapo

JOHANNESBURG: Watoto sita walikufa mwezi Oktoba 2024 katika kitongoji cha Naledi, Soweto. Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kuwa waliuawa na terbufos, dawa ya wadudu wa mashambani ambayo wachuuzi mitaani wamekuwa wakiiuza kama sumu ya panya. Juni 2025 baraza la mawaziri likaidhinisha ipigwe marufuku.

Hatua hiyo imekuja baada ya msiba, lakini angalau terbufos ilijulikana, kwa kuwa huua kwa saa chache. Ziko kemikali nyingine ambazo hazimlazi mtu kitandani siku anayozigusa. Huharibu chembe za urithi, na saratani huja kujitokeza baada ya miaka, wakati hakuna tena anayekikumbuka kile kijipakiti. Hapo ndipo anapohitajika inzi mdogo wa matunda, yule anayezunguka ndizi iliyoiva mno, si yule anayetoboa maembe ya wakulima.

Kazi hiyo kwake si ngeni. Mwaka 1927 Mmarekani Hermann Muller alionyesha, kwa kutumia inzi hao, kwamba eksirei hubadili chembe za urithi. Wakati wa vita vikuu vya pili, Charlotte Auerbach na J. M. Robson wakayaona hayo hayo kwa gesi ya haradali huko Edinburgh. Matokeo yao yalifanywa siri hadi vita vilipokwisha.

Kipimo cha mabawa, kilichotangazwa mwaka 1984, ni rahisi kukieleza. Inzi huzalishwa maalumu wakiwa na nakala moja mbovu ya jeni fulani. Mabuu wao hulishwa chakula kilichochanganywa na kemikali inayochunguzwa. Kwa kawaida kila seli ya bawa huota unywele mmoja. Ikiharibika nakala nzima iliyobaki, seli hiyo huzaa nyingine zenye nywele nyingi, na chini ya hadubini huonekana doa. Madoa huhesabiwa, yakalinganishwa na ya inzi waliolishwa chakula kisicho na kemikali. Kutoka yai hadi inzi kamili ni siku kama kumi.

Chupa, chakula cha mabuu na hadubini: hivyo si vya matajiri peke yao. Katika mtaa wa Newtown, jirani na majengo ya lililokuwa soko la matunda la Johannesburg, kilifunguliwa mwaka 2004 kituo cha sayansi cha Sci-Bono kwa ajili ya wanafunzi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mtoto wa Soweto angefaa kuonyeshwa kipimo hiki.

Kweli, inzi si binadamu, na doa kwenye bawa halithibitishi saratani. Ni onyo la kuchunguza zaidi. Lakini sheria ya Afrika Kusini inayosimamia dawa za wadudu, pamoja na marekebisho yake, ni ya mwaka 1947, wakati umbo la DNA lilikuwa bado halijajulikana. Na aliyepita Kariakoo anakijua kile kipaza sauti: dawa ya panya, kunguni, mende. Kilichomo ndani ya pakiti hakitajwi.